Mzigo wa Mteja Mkubwa

Kazini walimwita Kufuli, kwa sababu hakuwahi kuliacha ghala bila kulivuta kufuli, kuondoka, kisha kurudi kulivuta tena kama mtu aliyesahau mtoto ndani. Alikuwa mtunza ghala wa kampuni ya kusambaza bidhaa za madukani: unga, sabuni, mafuta ya kupikia. Mambo ya ghala aliyaweza. Kilichomshinda ni bosi.

Bosi alikuwa na amri moja aliyoipenda kuliko zote: mteja mkubwa apakiwe kwanza. Kwake hiyo ndiyo heshima. Basi kila asubuhi mzigo wa mwenye duka kubwa la barabara kuu ulitangulia kuingia kwenye lori, ukasukumwa hadi ndani kabisa, na mizigo ya wengine ikarundikwa mbele yake. Na duka hilo ndilo lililokuwa kituo cha kwanza! Dereva akifika pale hana budi kushusha lori zima kando ya barabara ili aufikie mzigo wa mheshimiwa, kisha apakie upya. Mifuko ilipasuka, sabuni zilinyeshewa, na wenye maduka ya mwisho walifikiwa wakiwa wameshafunga. Simu za malalamiko zikawa hazikatiki. Bosi akamwona mkosaji mmoja tu, dereva mzembe.

Dereva huyo alikuwa shemeji yake Kufuli, mume wa dada yake mdogo, na Kufuli mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Aliposikia kwamba malalamiko yakiendelea shemeji atafukuzwa, alipanda ofisini kueleza.

"Bosi, mzigo wa kushuka kwanza ungeingia mwisho, dereva asingepata taabu."

"Unataka mteja wangu mkubwa awekwe mlangoni kama takataka?" bosi alimkata. "Nenda kapakie."

Akafyata mkia, akashuka. Lakini kesho yake aliwaambia wapakizi wageuze mpangilio kimyakimya, maana dirisha la bosi lilitazama barabarani, si uani. Shemeji akaanza kurudi mapema. Simu zikakoma. Bosi akajisifu mbele ya wote kwamba sasa amri yake inafuatwa, na wapakizi wakainamisha nyuso wasicheke. Siku hizo Kufuli alilala usingizi mzito, akidhani mambo yameshatengemaa.

Ikaja asubuhi ambayo bosi alishuka uani na mteja mkubwa mwenyewe, ili amwonyeshe jinsi anavyoenziwa. Lori lilikuwa karibu kujaa. Mzigo wa mgeni ulikuwa bado chini, ukingoja kuingia mwisho.

Bosi aliutazama, akalitazama lori. "Nani amepanga hivi?"

Kufuli alikuwa na jibu mdomoni. Akawaza watoto wanaomtegemea, akawaza umri wake, na nani angemwajiri mtu wa rika lake. Aliona aibu, aibu ya kweli, na hata hivyo hakusogea.

"Ni mimi, bosi," shemeji alisema, akiteremka kutoka kwenye usukani. "Mtunza ghala hajui lolote."

Akanyang'anywa funguo za lori palepale. Mteja mkubwa aliangalia saa yake tu, maana alikuwa na haraka. Kufuli akawaambia wapakizi washushe kila kitu, waanze upya, mteja mkubwa kwanza. Hakuna aliyemwangalia usoni.

Jioni alijikokota hadi kwa dada yake, amejiandaa kutukanwa. Alitaka atukanwe. Shemeji alikuwa ameshatoka kwenda kutafuta kibarua. Dada, macho yamemvimba kwa kulia, alimvutia kiti, akammiminia chai.

"Asante, kaka," alisema. "Mwenzangu ameniambia ulivyompigania kwa bosi, mpaka na wewe ukaponea chupuchupu kufukuzwa. Wema huo sitausahau."

Kufuli alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ndugu ni ndugu," alijibu, akanywa.