Banda la Dada Yetu

Ndugu zangu walinichagua mimi nipande mlimani Chilangala nikamwambie dada yetu mkubwa afunge banda lake la kubangulia korosho. Walinichagua kwa kuwa nina mdomo, na kwa kuwa wao wanamwogopa. Msimu ule presha ilikuwa imemlaza kitandani, na daktari alishamwambia apumzike. Yeye alipoinuka tu akaliacha shamba lake limezwe na majani, akawa anahangaika kuwatafutia glovu wanawake wa watu wanaobangua kwake. Nilitoka Masasi nimekasirika, hotuba yangu nimeipanga vizuri.

Nilimkuta bandani, ameketi mkekani na wenzake, wanabangua na kuchambua korosho. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso, akanisogezea ungo. Wenzetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa dada yangu hata hizo mbili hupati. Nikachambua.

Nilipochoka kungoja nikaanza. Nikamweleza habari za presha, za majani shambani, za ndugu wasiopata usingizi kwa ajili yake. Kisha, kwa neno nililolipata kwenye semina mjini, nikamuuliza motisha yake hasa ni nini.

"Motisha hapa hamna, mdogo wangu," akasema. "Motisha wanatoa huko kwenye semina, pamoja na soda."

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka, ingawa hasira ilikuwa haijaisha. Nikamwambia asinikwepe, kama ni sifa anazitafuta, ameshazipata.

Akaendelea kuchambua. Jioni, mmoja wa wale wanawake alivua glovu, akanawa, akampokea mwanawe mchanga aliyeletwa na bibi yake. Mtoto alikuwa analia. Mama akamfuta machozi, akampapasa shavu mpaka akanyamaza.

"Umeona?" dada akaniuliza taratibu. "Amemshika kwa kiganja."

Nikamwambia sijaelewa. Ndipo akanieleza jinsi mama yetu alivyokuwa akibangua korosho nyumbani kwa jiwe, mikono ameipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimuunguze. Majivu hayakufaa sana. Ngozi ilichubuka, ikapona, ikachubuka tena, mpaka viganja vikawa vigumu kama gome la mkorosho.

"Wewe ulikuwa mdogo," akasema. "Mama alikuwa anatupapasa kwa nyuma ya mkono. Aliogopa kutukwaruza."

Nilikumbuka. Miaka yote nilidhani ndivyo akina mama wote wanavyopapasa. Machozi yalinitoka pale pale mbele za watu, na hotuba sikuimalizia.

Niliporudi Masasi niliwaambia ndugu zangu kwamba banda halifungwi, na kwamba tutapanda Chilangala kwa zamu kumlimia dada shamba lake. Kaka yetu akafoka, akataka kujua nimelishwa nini huko. Sikubishana naye. Nilinyoosha mkono, nikampapasa shavu kwa nyuma ya kiganja.

Aliushika ule mkono shavuni pake. Kisha akauliza zamu ya kwanza ni ya nani.