Sijda Ndefu

Nilipokuwa nikifundisha madrasa katikati ya Nairobi, miaka ya sabini, watu walianza kunisifu kwa uchaji nisiokuwa nao.

"Maalim, kwa sijda yako mtu anachemsha chai akanywa!" alinitania muuza viatu aliyezoea kuswali kando yangu. "Unatuombea na sisi, au nafsi yako tu?"

Nilicheka. Ukweli ni kwamba nilishindwa kuinuka.

Miaka mitatu nyuma nilipasuliwa na kutolewa tezi dume, ile tezi ndogo iliyo chini ya kibofu, kwa sababu ilikuwa na saratani. Nikueleze kama nilivyoelezwa, maana wengi huona haya kuuliza: tezi ikishatoka, mbegu ya ugonjwa yaweza kuwa imetoroka mapema, na hupenda kujificha mifupani, hasa mgongoni. Ndiyo maana kila baada ya miezi mitatu nilipanda hospitalini Upper Hill, daktari akanitoa damu, akanibonyeza uti wa mgongo kwa kidole gumba na kuuliza, "Panauma?"

Maumivu yalipoanza, mara mbili nilijibu, "Alhamdulillahi, hapaumi." Asubuhi hizo nilikuwa nimemeza vidonge vya maumivu kabla ya kutoka nyumbani. Nilidhani nisipolitamka, halipo.

Mara ya tatu mke wangu alivaa buibui, akasema tunakwenda wote. Daktari alipouliza, alinitangulia kujibu.

"Muulize anavyoinuka kwenye sijda. Nyumbani hushika kitanda. Anadhani mimi kipofu?"

"Bibi wee, ngoja..."

"Ningoje nini? Ufe na heshima yako?"

Daktari akaweka kalamu. "Mwalimu, tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

Nikapigwa picha ya mifupa siku hiyo hiyo. Tukiisubiri, tasbihi iliniponyoka mara mbili. Daktari aliielekeza picha kwenye taa, akatuonyesha doa jeupe kwenye pingili moja ya uti wa mgongo.

"Ugonjwa umerudi," alisema. "Dawa ipo, tuanze leo."

Ijumaa niliswali nimeketi kwenye kiti. Muuza viatu akanitazama.

"Kulikoni, Maalim?"

"Saratani imerudi. Naogopa."

Hakutania. Alivuta msala wake karibu na kiti, akaninong'oneza, "Mimi mkojo wanitoka na damu tangu mfungo mosi, Ramadhani ilipokwisha. Sijamwambia mtu."

Jumatatu tulipanda Upper Hill pamoja. Njia nzima alinishika mkono.