Hinke, fundi anayetengeneza usiku saa nne asubuhi

Saa nne asubuhi. Nje ya mji wa Workum jua la Machi linakausha umande kwenye malisho, na Hinke Dotinga anatengeneza usiku.

Anatundika blanketi la mwisho juu ya dirisha la karavani, analibana kwa vibanio vya nguo, kisha anauvuta mlango. Nyumba nzima ya magurudumu inaingia giza. Anasimama kidogo ili macho yazoee.

"Haya, ni mwezi wa nane, saa nne usiku," anasema taratibu. "Mvua imekatika. Mmeshakula, vyombo vimeoshwa. Unafanya nini, Bi Aukje?"

"Nagawa karata," inajibu sauti kutoka kwenye kochi. "Na Wiebe anachungulia za kwangu."

Wiebe, mumewe Bi Aukje Postma, alifariki miaka miwili iliyopita. Lakini humu ndani mahali pake panajulikana: kona ya kushoto, chini ya taa ya sita.

Hinke ana miaka 54. Kazi yake ni kung'oa balbu za zamani za halojeni kwenye karavani na kuweka za LED. Atakwambia mwenyewe kwamba kubadili balbu hata mtoto anaweza. Kinachomkosesha usingizi ni kuurudisha mwanga wa jioni ya mtu ukiwa vilevile.

"Watu wanadhani nauza taa," anasema. "Taa zimejaa dukani. Mimi nataka kujua mtu akishazima redio yake, anakaa vipi."

Ndiyo maana anatembea na mablanketi kumi na manne kwenye gari. Mafundi wengine hubadili balbu mchana kweupe, wakiziona zinawaka, huenda zao. Mteja anakuja kugundua alichopewa akiwa likizoni, jioni ya kwanza, na fundi yuko mbali.

Banda analofanyia kazi ni la Folkert Terpstra, ambaye zamani alifuga humu ng'ombe mia na kumi. Siku hizi analaza karavani sitini na nne kipindi chote cha baridi, na wenyewe huanza kuzifuata Machi.

"Hawa angalau hawapigi mateke," anasema Folkert, akigonga ubavu wa karavani kwa nje. "Fundi! Usiku wako haujaisha tu? Kahawa inapoa!"

"Ukigusa mlango huo, Folkert, utaniingizia asubuhi. Kaa hukohuko!"

"Mwanamke huyu ananifukuza kwenye banda langu mwenyewe," analalamika Folkert, na nyayo zake zinasikika zikitokomea bila haraka.

Hinke hakuzaliwa fundi. Kwa miaka kumi na tisa alipanga mizigo katika kiwanda cha maziwa, mpaka kilipofungwa. Alikuwa na miaka 44. Aliandika barua thelathini na moja za kuomba kazi, akajibiwa mbili, zote za kumtakia heri. Akajiandikisha masomo ya umeme ya jioni, akiwa mwanamke peke yake darasani. Msimu wake ni wiki kumi na moja tu, Machi hadi Mei. Katika wiki hizo hupitia karavani zipatazo tisini, na anachopata ndicho kinachomvusha mwaka.

Karavani ya Bi Aukje ina taa sita. Kila balbu ya halojeni inakula wati kumi. Ya LED inatosheka na moja na nusu. Kwa aliyechomeka waya wake kwenye umeme wa kambi, hesabu hiyo si kitu. Lakini akina Postma kwa miaka thelathini na nane wameweka kambi msituni Appelscha, mahali pasipo na umeme, wakitegemea betri. Betri ilipochoka, Wiebe ndiye aliyekuwa akihangaika nayo.

Kiangazi kilichopita Bi Aukje, mwenye miaka 78, alikwenda peke yake. Jioni ya pili taa zilififia na kuzimika akiwa ameshika karata mkononi. Akakaa gizani, na asubuhi akampigia binti yake simu aje kumchukua.

Binti amepata mnunuzi. Anakuja kuitazama karavani Jumamosi. Leo ni Jumatano.

"Nimemwambia binti yangu, kama ni kukaa gizani tena, bora iuzwe," anasema Bi Aukje. "Lakini na wewe mwanangu, ukiniwekea mwanga wa hospitali, sitangoja Jumamosi."

Hinke hacheki. Mwanga huo anaujua.

Karavani ya kwanza kabisa aliyoibadilisha ilikuwa ya baba yake, Mzee Douwe, miaka tisa iliyopita. Dukani alikuta pakiti mbili za bei moja, mojawapo ikitoa mwanga mkali zaidi. Bei ileile, mwanga mwingi zaidi: Mfrisia gani, na watu wa huku walivyo wabahili, angeiacha? Alizifunga zile kali, akawasha, na meza ya baba yake ikawa nyeupe kama sinki.

"Baba alisema, 'Kazi nzuri, binti yangu.' Halafu jioni akasema, 'Tuzime, tutazame nyota.' Kesho yake, nyota. Kesho kutwa, nyota. Kiangazi chote kile tulikaa gizani, mimi na yeye, na mimi nikafurahi. Nikasema, kumbe mzee anapenda nyota."

Mzee Douwe alifariki Januari iliyofuata. Alipokuwa akisafisha kabati la karavani, Hinke alikuta kopo la chai. Ndani mlikuwa na zile balbu za zamani, zote, kila moja imeviringishwa katika kipande cha gazeti.

"Alikuwa amezitunza," anasema. Anashusha sauti. "Hakutaka kunivunja moyo. Basi akaukosa mwanga wake kiangazi chake cha mwisho, kwa ajili yangu."

Tangu siku hiyo hasomi ukali wa balbu kabla ya kusoma rangi yake. Kwenye pakiti kuna namba. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo mwanga unavyokuwa wa manjano. Huchagua pia zile zinazostahimili umeme unaopanda na kushuka, maana betri ikiwa inachajiwa, balbu za bei poa huanza kupepesa, na baada ya muda hufa.

Sasa anazichomeka moja moja, akimulika kwa tochi ndogo aliyoibana kwa meno. Moja inagoma. Anaichomoa, anaigeuza ili miguu yake miwili ya chuma ibadilishane matundu, anairudisha. Inawaka. Taa tano zinamwagia meza mwanga laini, na sura ya Bi Aukje inatokea gizani, macho yakiwa mezani.

Anapitisha kiganja juu ya meza, anageuza karata moja.

"Ni nzuri," anasema hatimaye. "Nzuri kweli. Lakini siyo, mwanangu. Nisamehe."

Hinke anabadilisha balbu, anaweka za namba ndogo zaidi. Bi Aukje anatikisa kichwa. Anapunguza idadi, zikabaki tatu, zikabaki mbili. Bado. Mikono ya kikongwe inaanza kukusanya karata na kuzirudisha kwenye kasha lake.

"Basi," anasema. "Labda si taa. Labda ni mimi."

Hinke anageukia taa ya sita, ile ya kona, ambayo hakuwa ameifungua kwa sababu skrubu yake imeshika kutu. Anaishika kwa koleo, anaizungusha kidogo kidogo hadi inalegea. Kifuniko kinamdondokea mkononi. Ni cha kioo, kama vile vingine vitano, ila rangi yake ni kahawia ya asali.

"Bi Aukje, hivi vingine uliviosha?"

"Ndiyo! Juzi, kwa sabuni na soda. Ningemkaribishaje fundi kwenye uchafu? Hicho tu ndicho kilichonishinda kukifungua." Anakaza macho. Kisha anaweka kiganja mdomoni. "Ni moshi wa kiko chake. Kiko cha Wiebe. Miaka yote ile alikuwa akivuta kiko chake hapo, na mimi nikimgombeza."

Kwa kawaida Hinke hufuta kila kifuniko kabla ya kukirudisha. Kitambaa kiko begani. Anakivuta, anakikunja, anakitia mfukoni.

Anachomeka balbu mpya kwenye taa ya kona, anakifunga kifuniko kilivyo, na kuzima zile nyingine.

Anabonyeza swichi.

Mwanga unashuka juu ya kona ya kushoto, wa dhahabu iliyochoka, unaambaa mezani na kuishia kwenye vidole vya Bi Aukje. Nje, mbali, Folkert anapiga mluzi.

Bi Aukje anafungua kasha. Anachanganya karata, anagawa: moja kwake, moja kwenye kona, moja kwake, moja kwenye kona. Machozi yanamtoka na hayafuti.

"Usichungulie," anaiambia kona.

Baada ya kahawa na kipande kinene cha mkate wa sukari, Bi Aukje anaazima simu ya Folkert. Anaongea na binti yake kwa dakika moja. "Mwambie yule bwana asijisumbue kuja," anasema. "Mwezi wa nane nina safari."

Hinke anakunja mablanketi kwenye gari. Mwisho kabisa wa banda, kwenye safu ya nyuma, ipo karavani moja ambayo hakuna aliyeifuata kwa zaidi ya miaka minane. Folkert hajawahi kuiulizia. Ni ya Mzee Douwe, na taa zake bado ni zile nyeupe.

Hinke anaitazama, kisha anachomoa mablanketi manne kutoka kwenye rundo na kuyabeba begani. Mkononi ana pakiti ya balbu za namba ndogo na lile kopo la chai la baba yake.

"Wiki ijayo nina karavani nane," anasema akitembea. "Lakini leo mchana sina mteja. Nitafunika madirisha, nitaziweka balbu hizi, nitakaa upande wa baba. Kiangazi hiki nitaipeleka kambini. Nyota zitasubiri."