Pikipiki Aliyoiacha Baba

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya majani ya migomba yaliyolowa mvua hunirudisha nyumbani kwetu Muleba, mwaka ule baba alipofariki. Pikipiki yake nyekundu ililala sebuleni, kati ya magunia ya kahawa na picha ya Bikira Maria, na kila asubuhi nilifungua mfuniko wa tangi nikavuta harufu mpaka mama anipigie kelele. Baba alikuwa akinunua samaki kwenye mwalo wa wavuvi unaotazamana na kisiwa cha Bumbire na kuwapeleka sokoni Bukoba. Alipoanza kuumwa alimfundisha mama kuiendesha, huko huko shambani kwenye njia ya katikati ya mibuni. Yeye aliketi kwenye kigoda, amejifunika blanketi, akicheka kila mama alipoparamia mgomba. Mpaka baba anafariki, mama alikuwa anaendesha vizuri kumshinda. Watu wengi hawakulijua hilo, na waliolijua walijifanya hawalijui.

Kwetu Wahaya mtu akifa ukoo humteua mkuza, yaani msimamizi wa mali ya marehemu mpaka watoto wakue. Mkuza wetu alikuwa Ta Kagaruki, kaka mkubwa wa baba, mzee wa kanzu na koti mwenye sauti ya kuongoza rozari. Siku ya kumaliza matanga aligawa kila kitu kwa utulivu: kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa, kibaki cha watoto, mama atunze migomba, kigoda cha baba kiende kwake. Alipofika kwenye pikipiki alisema haipendezi mwanamke kutanua miguu juu ya chombo kama kile, na mjane ndiyo kabisa, hivyo apewe kijana wake. Mama, ambaye muda wote alikuwa ameinamisha kichwa, akakiinua, akamjibu kwa neno letu la heshima. "Waitu, hiyo ndiyo inayowalisha hawa watoto. Haiendi popote." Wazee wakanong'onezana kwa Kihaya, kisha wakatoa uamuzi waliouona wa busara: aiendeshe maadamu inatembea, siku ikisimama na kumshinda, mkuza ataichukua. Mama akakubali. Mimi nilikuwa darasa la nne, na nilimchukia mzee yule kwa moyo wangu wote. Mpaka leo sijaona sababu ya kumwomba radhi.

Masika ilipoanza maji yakawa yanapenya kwenye mfuniko wa tangi, maana mpira wake wa ndani ulikuwa umechakaa. Mama akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya akitaka kuziba mdomo wa chombo cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Alichagua jani zuri la mgomba, akalibabua motoni mpaka likawa laini, akalikunja, akalibana chini ya mfuniko na kukaza juu kwa kamba ya mgomba. Halikuingia hata tone, naye akajisifu jioni nzima. Lakini wiki haikuisha pikipiki ikaanza vituko. Ilitoka nyumbani vizuri, ikapita senta vizuri, ikifika katikati ya mlima wa kanisani inakohoa na kuzimika. Mama alipiga kiki mpaka mguu ukavimba. Ikipumzishwa kidogo inawaka, inasogea, inazima tena, huku samaki wakimharibikia njiani. Fundi wa njia panda alifungua tangi, akaona petroli imejaa, akabadilisha plagi, akapiga kiki na ikanguruma, naye akatutazama kwa majivuno. Mlimani ikazimika vile vile. Tuliporudi kwake mara nyingi akachoka na kusema injini imezeeka. Majirani walikuwa na jibu lao: marehemu amekataa, hataki kuona mke wake juu ya pikipiki yake. Ta Kagaruki akatuma ujumbe kwamba atakuja Jumapili baada ya misa.

Jumamosi mchana mama aliitoa uani akakunja mikono ya gauni. "Marehemu angekuwa na neno angeniambia mimi niliyemuuguza, si majirani," alisema. "Koku, lete kikombe." Aliizungusha kibanjani mpaka ikazimika, na papo hapo akafungua plagi. Ilikuwa kavu, haina hata harufu ya petroli. Akaigusisha kwenye chuma, nikapiga kiki, tukaona cheche. "Moto upo," akasema, "mafuta ndiyo hayafiki." Akachomoa mpira unaotoka kwenye tangi na kufungua koki. Petroli ikadondoka kikombeni kwa unyonge, matone machache, ikakata, na tangi limejaa! Akapuliza ule mpira, ulikuwa mzima. Mimi nilikuwa nimechoka kuinama na kikombe, nikafanya ile tabia yangu ya kila asubuhi: nikafungua kamba nikainua mfuniko ninuse. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, na petroli ikamwagikia mkono wa mama.

Tulitazamana. "Funga," akasema. Nikafunga, petroli ikapungua, ikakata. "Fungua." Ikamwagika. Tulifunga na kufungua kama watoto wanaocheza, mpaka mama akaketi chini, akacheka, kisha akalia. Mfuniko ule una kitundu cha kuingizia hewa, nalo jani lilikuwa limekiziba. Petroli haitoki kama hewa haiingii, kama vile dumu la lubisi linavyogoma kumimina mpaka ulegeze kifuniko. Na yule fundi alikuwa anaitibu kila siku bila kujua, kwa kufungua tangi tu, halafu anaturudishia jani letu mahali pake kwa uangalifu. "Sisi na majani yetu," mama alisema akijifuta uso. Akakata mpira mpya kwenye tyubu kuukuu, akakiacha kitundu wazi.

Jumapili Ta Kagaruki alikuja na kijana wake na wazee wawili. Walimkuta mama amevaa kitenge juu ya suruali na mabuti ya mvua. Alipiga kiki moja tu.

"Bado haijafika mlimani," Ta Kagaruki akasema.

"Basi panda, waitu, ukaione mwenyewe."

Mbele ya wenzake angekataaje? Akapanda, na kwa sababu ya kanzu ilimbidi akae upande, kama wanawake wanavyobebwa. Niliwakimbilia kwa nyuma hadi chini ya mlima. Watu walikuwa wanatoka misa ya pili, wakasimama kandokando ya barabara, na hakuna aliyethubutu kucheka. Pikipiki ikafika pale ilipozoea kufa. Ikapita, ikapanda, ikatokomea, na nilikaa pale kwenye tope mpaka nikasikia mlio unarudi. Mzee alishuka, akanyoosha kanzu, akasema neno moja tu: "Inatembea." Kijana wake alirudi kwao kwa miguu.

Sasa naishi Nyanga, hapa mjini Bukoba, na kila asubuhi naendesha pikipiki yangu kwenda kazini Bilele, wala hakuna anayegeuza shingo. Watu huniambia dunia imebadilika yenyewe. Si kweli, na huwa nakasirika nikisikia hivyo, maana mimi nilimwona aliyeibadilisha, mguu wake umevimba kwa kiki. Na haijabadilika kiasi hicho. Mwaka jana tulimzika binamu yangu kule Muleba, na siku ya kumaliza matanga wazee walipoanza kuhesabu vitu vya marehemu, wanawake wakainuka kwenda jikoni, kama ilivyo desturi. Mjane alibaki peke yake kwenye jamvi, ameinamisha kichwa. Nikaenda nikaketi ubavuni mwake. Mkuza, kijana wa siku hizi mwenye simu mbili, akanisubiri niondoke, kisha akaniambia kwa heshima kabisa, "Dada, jikoni wanakuhitaji." Nikamwambia wanajua nilipo, aendelee tu, tunamsikiliza.