Mpiga Picha Aliyeuliza "Nimvute?"

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Hayakumpata jirani wa shangazi wa mtu, wala sikuyasikia kwenye basi. Nilisoma mpaka darasa la saba, kupamba maneno sijui, na mama yangu alitulea akituambia kwamba anayedanganya juu ya marehemu huoza ulimi. Basi nitasema kama yalivyokuwa. Na usidhani yalikuwa mambo ya usiku. Ilikuwa saa nane mchana, jua likiwaka.

Nilikuwa napika chakula machimboni, upande wa Geita. Mdogo wangu Masanja alikuwa mchimbaji hapo hapo. Kwetu ni Shinyanga, karibu na Kolandoto, na mama alimruhusu Masanja kwenda kuchimba kwa sharti moja, kwamba mimi niwe karibu naye. Kila asubuhi alikula kwangu kabla ya kushuka kwenye duara, yaani lile shimo la kuchimbia.

Siku moja akaja mpiga picha. Kule kila kitu ni vumbi jekundu, hata chumvi, lakini shati lake jeupe halikuwa na doa. Nikamwamkia shikamoo kwa sababu alionekana mtu mzima. Hakuitikia marahaba. Alisema, "Nimekuona." Nikadhani labda Kiswahili kinampa shida.

Alikuwa na kamera ndogo ya rangi ya fedha, haizidi kipande cha sabuni ya kuogea. Akiiwasha, vifuniko viwili vidogo vinafunguka mbele kama kope, halafu lenzi inatoka yenyewe kwa hatua, fupi, ndefu, ndefu zaidi. Ilikuwa kama konokono anayetoa kichwa. Na ilikuwa na unyevunyevu. Alipotaka kuisafisha aliilamba. Niamini, aliilamba kwa ulimi mbele ya watu wanaokula, akasema kitambaa kinakwaruza kioo, mate hayakwaruzi.

Akaagiza ugali na nyama. Hakula. Alisogeza kamera mpaka ikakaribia kuigusa nyama, akasema hii inaona vizuri hata kitu kilicho umbali wa ukucha, mahali ambapo simu zenu zinaona ukungu. Akapiga picha. Kisha akaomba aondoke na sahani yenyewe, sahani yangu ya bati yenye ukingo wa bluu. Nikamwachia. Nyama iliyobaki sufuriani ilikuwa ya asubuhi ile ile, nimeinunua mwenyewe ikiwa bado na joto la ng'ombe. Nilipofunua jioni ilikuwa inatembea. Nilimwaga sufuria nzima porini, na mbwa hawakuisogelea.

Lakini hiyo ilikuwa jioni. Mchana ule vijana walikuwa wanamtania tu. Shija, aliyechimba duara moja na Masanja, alimwambia, "Mzee, simu yangu ina kamera tatu mgongoni. Hiyo sabuni yako itanionyesha nini?"

Mpiga picha hakukasirika. "Simu haivuti," alisema. "Inachukua picha uliyonayo inaitandaza, ndiyo maana uso unageuka vipande vya mraba. Hii inavuta kwa lenzi. Kitu chenyewe kinakuja."

"Basi mvutie Mama Kulwa mchumba," Shija akasema, na watu wakacheka. Mama Kulwa ni mimi. Nami nilicheka.

Masanja alikuwa amesimama kwenye mdomo wa duara, mbali, anaonekana kama kijiti. Alitupungia mkono. Mpiga picha akainua kamera, na kati ya watu wote wale akaniuliza mimi kama yule ni wangu. Nikasema ni mdogo wangu, tumbo moja.

"Nimvute?"

"Mvute," nikasema. "Mvute sana, mama amwone."

Ni mimi niliyesema. Sitaki mtu anifariji katika hilo.

Siku ya tatu duara lilititia. Shija, ambaye zamu yake ilikuwa haijafika, alikuja mpaka jikoni kwangu, akavua kofia, akasema, "Mama Kulwa, Masanja amevuta." Machimboni ndivyo wanavyosema mtu akifa. Neno lilinipita tu siku ile. Nani anapima maneno saa kama hiyo?

Walimtoa baada ya siku nne. Sanduku lilipigiliwa misumari huko huko na tukakatazwa kulifungua. Tulimzika nyumbani. Mama alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, hakulia, akawa anarudia jambo moja, "Sanduku nimeliona. Mwanangu sijamwona." Simu na kitambulisho Masanja alishuka navyo. Hapakuwa na picha yake popote ila ile. Tulipokwisha kuondoa matanga, mama akaniita akaniambia niende nikamletee uso wa mwanawe, hata mara moja auone, ndipo ataweza kula. Nikaenda.

Mpiga picha nilimkuta kwenye chumba cha bati nyuma ya makarasha, mashine zile za kusaga mawe. Nje zilikuwa zinapiga kelele za kupasua kichwa. Nilipoingia ndani sikuzisikia tena. Harufu ilikuwa ya maji ya muhogo uliovundikwa ukasahauliwa. Juu ya meza niliona sahani yangu ya bluu. Kamera ilikuwa imelala ndani yake, imezungukwa na ute kama mlenda, na inzi wamekaa pembeni bila kuruka.

Umeme hakuwa nao. Alisema betri ile hajawahi kuichaji.

Nilimweleza shida ya mama. Alinisikiliza vizuri kabisa, kama mtu mwema. Akaichukua kamera, akanionyesha kioo cha nyuma. Nikamwona Masanja. Mdogo, mbali, mkono juu. Nililia.

"Uso hauonekani hivi," akasema. "Nimvute?"

Nikasema, "Mvute."

Uso ukaja. Alikuwa anacheka, na pengo lake la chini linaonekana. Laiti ningetosheka hapo. Lakini nilitaka macho, nikasema mvute kidogo tena. Akabonyeza, na safari hii picha haikusimama. Kamera nyingine ikifika mwisho wa kuvuta, picha huvunjika vipande. Hii haikuvunjika. Ikaja midomo, zikaja nyufa za midomo, yakaja meno. Katikati ya meno palikuwa na udongo mwekundu, umeshindiliwa. Tundu za pua zilikuwa zimejaa udongo wenye maji, na ndani ya udongo kitu cheupe kilikuwa kinajigeuza. Elewa vizuri. Picha ile ilipigwa akiwa hai. Asubuhi ile alikuwa amesukutua mdomo mbele yangu na kunywa uji wangu.

Huku picha inavutwa, lenzi nayo ilikuwa inatoka. Ilipita urefu wa kamera yenyewe, laini, imelowa. Tone likaanguka kiganjani mwangu. Lilikuwa la uvuguvugu, linavutika.

Akaipachika kamera kwenye mashine ndogo, ikatoka picha ya karatasi. Masanja anacheka, uso msafi, ndiyo ile ile aliyoitaka mama. Nikanyoosha mkono. Akairudisha nyuma kidogo, akageuza kioo cha kamera upande wangu.

Kwenye kioo alikuwamo mama. Yuko kwenye mkeka siku ya mazishi, mdogo sana katikati ya wanawake. Nilimwuliza alifika lini Kolandoto.

"Sijafika," akasema. "Nilipiga nikiwa hapa hapa mlangoni. Nilikwambia inavuta." Akaniwekea picha ya Masanja karibu na vidole. "Chukua ya mdogo wako. Ila huyu bado yuko mbali. Nimvute?"

Hapo ndipo neno la Shija, "amevuta", lilinirudia. Na unajua kitu gani kibaya? "Mvute" ilikuwa tayari mdomoni. Ulimi wangu ulianza kuinuka wenyewe, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Nikaziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu zote, na kilikuwa kiganja kile kile chenye tone. Likaingia katikati ya midomo. Lilikuwa na ladha ya udongo uliolowa na nyama. Sikutema, maana kutema ni kufungua mdomo. Nilimeza. Nilitoka mikono yote miwili ikiwa usoni, nikaenda hivyo mpaka kituo cha basi. Picha niliiacha mezani.

Nilirudi siku ya pili na Shija na wazee wa machimbo. Chumba kilikuwa na sahani yangu tu.

Tangu hapo sipiki mlenda, na nikiukuta kwa watu natoka nje. Ladha ile hunijia kila ninapoamka. Nimezoea kupiga mswaki mara tatu, haisaidii.

Mama nilimwambia, "Mayu, sikuipata." Maneno yenyewe si ya uongo, lakini yanauma kama uongo. Anaamini sikwenda. Anakaa uani anaanika michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ana nguvu zake, na siku nyingine hunisalimia kama mgeni. Namwacha. Mtu aliyeninunia ni mtu aliye hai.

Wewe unayesoma, piga picha zako, sikukatazi. Lakini ukiwa na mtu wako yuko mbali, na mwenye kamera usiyemjua akakuuliza lile swali, nenda kwa miguu yako mpaka alipo mtu wako ukamwangalie. Usijibu. Mama yangu hana picha hata moja, na sitaruhusu apigwe. Siku yake ikifika nitabaki bila uso wake, kama yeye alivyobaki bila wa Masanja. Nimekubali.