Kufuli Kwenye Tovuti ya Mdogo Wangu

Siku hiyo tulikuwa watano. Mimi, kifungua mimba wa nyumba yetu, mwandika mabango. Mdogo wangu anayenifuata, mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuoni, aliyekuwa akigombea ukatibu wa maslahi ya wanafunzi. Rafiki yake aliyesomea kompyuta, ambaye ndiye alimtengenezea tovuti ya kampeni. Mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, jirani yetu wa Soweto West kule Kibera, niliyemwomba aandamane nasi. Na mwalimu mwenye chumba cha kompyuta pale Gatina, Kawangware, aliyetukubalia tutumie mashine moja Jumamosi baada ya darasa lake la taipu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na mtaani kwetu wengi hawakuwa wamewahi kuona tovuti. Chuoni kulikuwa na chumba kimoja tu cha kompyuta, na kila mgombea alikuwa amepewa nafasi ya kuweka ukurasa wake humo. Foleni ilikuwa ndefu. Mwanafunzi alipewa dakika tano mbele ya mashine, kisha anainuliwa. Waliolala bwenini walikuwa na mikutano ya kampeni jioni, lakini waliokaa Kibera na Kawangware walishaondoka kufikia saa hizo. Kwa hiyo dakika tano za mchana ndizo zilizokuwa nafasi pekee ya mdogo wangu ya kuwafikia. Bila kura zao angeshindwa, na alijua hivyo.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini. Nilianza kwa kuosha brashi za fundi mmoja wa mabango Kawangware, mpaka siku aliponipa brashi niandike mwenyewe. Fundi huyo alikuwa na mtindo wake. Bango likishakauka, alivuka barabara, akamsimamisha mpita njia wa kwanza na kumuuliza, "Hapa wanauza nini?" Mtu akikosea, fundi habishani naye. Anarudi, anapaka rangi nyeupe juu ya kila kitu na kuanza upya. Niliwahi kumwona akifuta bango la bucha lililopendeza mno, lenye ng'ombe mzima, kwa sababu watu wawili walidhani hapo ni kwa daktari wa mifugo.

Ndiyo maana nilimleta mama wa omena.

"Lakini huyu mama si mpiga kura," mdogo wangu alininong'oneza.

"Kwani wapiga kura wako wana macho ya aina gani?" mama akamjibu huku akivuta kiti. Masikio yake hayakuwa na shida.

Mwalimu akaweka saa ya kengele juu ya meza, ilie baada ya dakika tano. Rafiki akatia disketi ya tovuti kwenye mashine. Nikamwambia mama anitafutie mambo matatu: kijana huyu anataka cheo gani, atawafanyia nini wanafunzi, na kura ni lini na wapi. Kisha nikawaambia vijana wafunge midomo na mikono waiweke nyuma.

Kwenye kioo cha kompyuta likaanza kushuka geti, kipande kwa kipande kutoka juu, kama pazia linaloteremshwa na mtu mvivu. Lilikuwa geti jeusi la chuo, na katikati kufuli kubwa la dhahabu. Hakukuwa na kitu kingine. Mama akakunja mikono akakaa. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili.

"Mama, mbona umenyamaza?" nikamuuliza.

"Nangoja wafungue."

"Nani?"

"Si unaona wamefunga? Mwenye funguo akija tutaingia."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Rafiki hakucheka. "Maze, hiyo kufuli ndiyo unabonyeza! Ukibonyeza, geti inafunguka. Nimekaa wiki mbili nikichora hiyo geti!"

"Na mimi nimekaa hapa nje kama askari," mama akasema.

Alipobonyeza, yakatokea maandishi mekundu juu ya rangi ya samawati, yakiwaka na kuzimika. Picha ya mdogo wangu, amevaa suti ya kuazima, ikaanza kushuka: nywele, kipaji, nyusi. Ilipofika puani, kengele ikalia. Mama hakuwa amepata hata jibu moja.

Mwalimu naye akajaribu. Yeye alipita getini haraka kwa kuwa sasa alijua njia. Akahesabu ahadi kumi na moja. Siku ya kura aliikuta chini kabisa, baada ya jina la aliyetengeneza tovuti, ambalo lilikuwa kubwa kuliko la mgombea.

"Sasa nani anagombea hapa, wewe ama huyu?" akamuuliza rafiki.

Mdogo wangu alikuwa amenuna. Akanigeukia. "Siste, kwa heshima zote, hii kitu hukuisomea. Hii si bango la kinyozi."

Nilitazama rangi iliyokauka kwenye kucha zangu, rangi iliyomsomesha. Kisha nikamwambia, "Bango la kinyozi linaleta watu kunyolewa. Hili lako limemwacha mama nje ya geti. Kaa chini. Hatutoki hapa mpaka lisomeke."

Alikuwa amenipita urefu zamani, lakini alikaa.

Nikachukua kipande cha katoni na penseli, nikachora. Geti likaondoka. Maandishi yakawa meusi juu ya nyeupe, tena yakatulia. Picha ikawa ndogo, kando. Juu kabisa jina na cheo, chini yake ahadi, kisha siku na mahali pa kura. Rafiki alilipigania kila jambo, na jina lake mwenyewe nilimwachia, dogo, pale mwisho.

Kazi ilikuwa kwenye ahadi. Mdogo wangu alizitaka zote.

"Kwa dakika tano mtu ataondoka na ngapi?" nikamuuliza.

"Zote ni muhimu."

"Ipi ilikuliza?"

Wote wawili tuliijua. Mwaka wake wa kwanza mvua ilimkuta njiani akirudi Kibera, na daftari za muhula mzima zikalowa. Chuoni hapakuwa na mahali ambapo mwanafunzi anayekaa nje angeacha vitabu au kungoja mvua ipungue. Kwa hiyo nikaandika: chumba cha wanafunzi wanaokaa nje ya chuo, chenye meza na makabati. Zile kumi nilizikata kwa mkono wangu.

Rafiki alipomaliza kupanga upya ilikuwa karibu saa kumi. Mama akakaa tena. Kengele haikupata nafasi ya kulia. "Anataka ukatibu wa maslahi, atawatafutia chumba, kura ni Alhamisi ukumbini. Sasa niende nikauze samaki?"

Mdogo wangu alishinda. Wanafunzi wasiomjua walimsimamisha njiani wakimuuliza, "Si wewe ndiye wa chumba?"

Chumba hakikupatikana. Ofisi ya chuo ilimwambia hakuna nafasi, halafu ikamwonyesha stoo yenye madawati yaliyovunjika, halafu stoo ikapewa watu wengine. Aliandika barua na kusubiri nje ya milango hadi mtihani wa mwisho, akamaliza chuo bila kukabidhiwa ufunguo.

Muhula uliofuata, msichana mmoja wa Kawangware alikuja kibandani kwangu nikiandika bango la cherehani. Vitabu vyake vilikuwa ndani ya karatasi ya nailoni.

"Wewe ndiye dadake yule wa chumba?"

"Ndimi."

"Mimi nilimpigia kura kwa sababu ya kile chumba." Hakusema kwa hasira. Alitaka tu kujua kitafunguliwa lini.

Nikaondoa makopo ya rangi kwenye rafu ya juu, nikampa aweke vitabu. Alileta wenzake, na sasa rafu imejaa. Mdogo wangu ameajiriwa, na kila akipata ruhusa kazini anarudi kwenye ile ofisi. Asipoweza naenda mimi, nikiwa na kanzu yangu ya kazi yenye madoa ya rangi. Lakini kwangu hakuna meza, na saa kumi na mbili nafunga. Tuliwaahidi chumba.