Mwenye Shamba Ndiye Apikaye

Nikisema naongoza timu ya watengenezaji programu hapa Mbinga mjini, watu hunitazama kama nimesema nafuga mamba chumbani. Mama yangu kule Maguu ndiye mbishi kuliko wote. "Kazi gani hiyo ya kukaa kutwa nzima, hata jasho halikutoki?" Nacheka tu. Kampuni yetu inauza tiketi za basi na vyumba vya wageni kwa simu, na mfumo wote tunautengeneza sisi, ghorofani juu ya duka la vitenge. Najivunia, tena sioni haya kusema.

Timu yangu ina mtindo wake, na mimi ndiye niliyeuleta. Kwetu Umatengoni kuna ngokela: shamba likikuzidi, unaita majirani, wanakuja na majembe, wewe unapika. Hakuna anayekuuliza kwa nini magugu yamekushinda. Basi na sisi, programu ya mmoja ikiharibika, wote tunaacha zetu na kuingia kwenye yake. Mkosaji hatumtafuti. Ila mwenye shamba atapika, kwenye jiko la mkaa pale nyuma, na hakuna msamaha.

Mkurugenzi wetu, aliyeianzisha kampuni akiwa peke yake na kompyuta moja, anakaa Dar. Mtindo huu haukumwingia akilini hata kidogo. Watu wote kwenye tatizo moja, si uvivu huo? Akaja mwenyewe kuamua kama afunge ofisi yetu na kuhamishia kazi Dar. Dada mmoja kwenye timu, mwenyeji wa Liuli kule ziwani, ananyonyesha, mwenzake anauguza baba. Wasingeweza kuhama. Nilijua ofisi ikifungwa, timu yangu imekufa.

Na jamani, siku hiyo hiyo! Hajamaliza hata chai, simu zikaanza kulia. Basi la Mbamba Bay, kiti kimoja wameuziwa watu wawili, na stendi watu wamekunjana mashati.

"Nani kaharibu?" mkurugenzi akafoka. Wenzangu walikuwa wameshasogeza viti kwenye kompyuta moja. "Nauliza, nani?"

Hasira zikanipanda. "Samahani bosi, hapa hatuulizi hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vuta kiti ukae, au utupishe."

Nilijua nimeshajifukuzisha kazi. Lakini akavuta kiti.

Dada wa Liuli ndiye aliyelipata kosa. Abiria akibadili siku ya safari, mfumo ulikuwa unaachia kiti chake kipya badala ya kile cha zamani, kikauzwa tena. Tukarekebisha, tukawapigia abiria mmoja mmoja kuwaomba radhi, stendi ikatulia. Kisha akatuonyesha ile mistari ya programu yenyewe. Ilikuwa ya zamani, iliyoandikwa kabla yetu sote. Hakusema ni ya nani, na sisi hatukusema.

Mkurugenzi akaisoma, akairudia. Akavua koti.

"Shamba ni langu," akasema. "Samaki wanauzwa wapi?"

Weee! Tulicheka mpaka machozi. Alisonga ugali wenye mabuja, na mbasa wake wa ziwani wakaungua upande mmoja. Tukala wote, hakubaki hata mkia. Mimi nangoja tu atamke uamuzi wake. Akanawa mikono, akalitazama jiko letu.

"Dogo mno hili," akasema. "Nikiwaongezea watu hapa mtapikia wapi? Nunueni kubwa."

Dada wa Liuli akanifinya mkono chini ya meza. Nililia mbele yao wote, na wala sikujificha.